Mtetemeko wa Kulow ni Mali ya Kampuni

Mkono wa kulia wa Kulow ulianza kusema uongo msimu ule kupe walipozidi.

Katika soko la mifugo la Garissa bei haitajwi kwa mdomo. Dalali hutupa shuka juu ya mikono miwili, wa muuzaji na wa mnunuzi, na huko chini vidole ndivyo vinavyoongea. Kidole kikishikwa kina maana yake, viwili vikibanwa vina maana yake, na mkono mzima ukiminywa kwa nguvu, basi, biashara imekwisha, mnyama amehama. Waliosimama kando wanaona shuka likicheza tu. Sasa mtu ambaye vidole vinamtetemeka kama jani la mgunga ataongea nini huko chini? Kulow alipeleka beberu sokoni, na kabla mnunuzi hajakaa sawa alikuwa ameshatajiwa bei za kila namna, nyingine za ng'ombe.

"Warya Kulow," mnunuzi akasema akichomoa mkono, "unauza mbuzi au unapiga simu?"

Soko zima likacheka. Kulow akacheka nao, kisha akarudi nyumbani na beberu wake.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa mtetemeko ulitoka wapi. Kulow alikuwa mnyunyizaji. Alibeba bomba la mgongoni na kunyunyizia ngamia dawa ya kupe katika boma la Kampuni ya Ngamia Salama, nje kidogo ya mji, mahali ambapo ngamia walionunuliwa Griftu, Eldas na kwingineko walikaa wakisubiri kupelekwa pwani, kwenye meli ya Uarabuni. Bomba lilivuja mgongoni. Glavu walizopewa zilikuwa za mkono wa kushoto, zote, kwa sababu aliyezinunua alizipata kwa bei nzuri. Puani walijifunga vitambaa, na upepo wa Garissa haumwulizi mtu amejifunga nini. Ikifika alasiri Kulow alitokwa mate kama mtoto anayeota meno, kifua kikambana, na macho yakaona ukungu katika mji ambao haujaona ukungu tangu uumbwe. Mwenzake Kanchora, Mborana wa upande wa Wajir, mtu mwenye ulimi mkali kuliko sindano, alianguka siku moja katikati ya ngamia akiwa na bomba mgongoni. Meneja akasema ni njaa. Kanchora alikuwa ndiyo kwanza ametoka kula.

Na ngamia? Ngamia walipimwa. Wanunuzi wa ng'ambo hawataki nyama yenye sumu, kwa hiyo kila juma daktari wa mifugo, Saynab, alitoa damu na kuitia katika kimashine chake. Ngamia aliyeonekana ana sumu aliondolewa kwenye dawa, akapelekwa zizi la mapumziko kando ya Tana, akawekewa kivuli, majani, maji na chumvi mpaka damu yake irudi kuwa safi. Kanuni hiyo iliandikwa langoni kwa herufi kubwa: MALI YOYOTE YA KAMPUNI ITAKAYOKUTWA NA SUMU IPUMZISHWE MARA MOJA. Ikafuatwa. Watu waliomnyunyizia ngamia huyo sumu walipita chini ya maandishi hayo kila asubuhi, wakienda kazini.

Kulow alikuwa amesikia redioni kwamba kuna sheria. Mtu anayeshika sumu kazini apimwe kabla ya kuanza, apimwe tena akiwa kazini, na damu yake ikionekana imeathirika aondolewe kwenye sumu, siyo aondolewe kazini. Hilo ndilo alilolitaka, hakuna jingine. Kuombwa radhi hakukumshughulisha. Alitaka kupimwa na kupumzishwa kabla hajaanguka kama Kanchora, asiamke kama Kanchora alivyoamka, magoti yakicheza. Akaenda kwa meneja, Abdikarim, kijana mwenye simu mbili na shati lisilojua vumbi.

"Adeer," Abdikarim akamwambia, maana alimheshimu kama baba mdogo, mdomoni, "kampuni inapima mali yake. Ngamia ni mali yake. Wewe si mali yake. Wala si mfanyakazi wake, wewe ni mkandarasi wa kujitegemea."

"Maana yake nini?"

"Maana yake wewe ni kampuni yako mwenyewe. Shida kama hizo zungumza na meneja wako."

"Meneja wangu ni nani?"

"Ni wewe."

Kulow akatoka nje kuzungumza na meneja wake. Wakaafikiana haraka sana kwamba apimwe.

Akapeleka uamuzi huo kwa Saynab. Saynab akatazama mlango kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Adeer, kimashine hiki kilitengenezwa kwa ajili ya damu ya watu. Ngamia ndio waliokiazima. Lakini nikikugusa bila ruhusa ya Abdikarim, kesho niko kwetu Eldas nachunga mbuzi wa baba."

Msifikiri watu wa mkoa huu ni wageni wa kupimwa. Uko mwaka walipangwa foleni, wazee kwa vijana, wakaulizwa ukoo wao na babu wa babu zao, na waliofaulu wakapewa kadi ya rangi ya waridi ili ijulikane kwamba ni Wakenya kweli. Baba yake Kulow alisimama katika foleni hiyo, juani, akiwa na homa. Waliomkagua walikagua kila kitu chake isipokuwa homa. Kulow alikuwa amemshika mkono, na hajasahau. Wakubwa hupenda sana tusahau, lakini wangetaka hivyo wangetupa angalau kitu kingine cha kukumbuka.

Siku ya soko Abdikarim alikuja kununua ngamia. Meli ilikuwa imeshatia nanga pwani na bado haijajaa. Kulow akamfuata pale pale mbele ya watu, kwa sababu bomani mlinzi alishaambiwa asimruhusu kukaribia ofisi.

"Nimeongea na meneja wangu," Kulow akasema. "Amekubali nipimwe."

Watu wakaangua kicheko. Kanchora, aliyekuwa amekaa juu ya kreti la soda, akapiga makofi. Abdikarim hakupenda kuchekwa akiwa na simu zote mbili mkononi.

"Unataka kupimwa kama ngamia? Haya, jiuze kama ngamia! Yakub, leta shuka tujue mzee huyu ni wa bei gani!"

Yakub alikuwa dalali mkuu wa ngamia pale sokoni, na maishani mwake hajawahi kuombwa shuka akakataa. Akalitupa. Chini yake mkono wa Kulow ukaanza ngoma yake, ukitaja bei za mbuzi, za punda, za malori. Abdikarim akacheka, kisha akaacha kucheka, maana kushika mkono unaotetemeka hivyo si jambo la kufurahisha, ni kama kushika ndege anayekufa.

"Tulia wewe!" akasema, na ili utulie akauminya. Mkono mzima. Kwa nguvu.

Yakub, kwa mazoea tu, akavuta shuka, akaipiga mikono yao kofi na kupaza sauti: "Imeuzwa! Mungu atie baraka!"

Watu wakageukiana. Hata mbuzi walionekana kufikiri.

"Nilikuwa nafanya mzaha," Abdikarim akasema.

"Chini ya shuka yangu hakuna mzaha," Yakub akajibu kwa lafudhi yake nzito ya Kisomali. "Umeminya. Mimi nimeona, hawa wote wameona. Wallahi, Abdikarim, ukifunja mkono leo, hakuna dalali wa Garissa atakuletea hata mkia ya ngamia. Meli yako itabeba ubebo."

Wale madalali wengine walimwelewa. Walikunja tu mashuka yao, mmoja baada ya mwingine, wakayaweka begani. Abdikarim akayaona yakikunjwa, akaanza kutokwa jasho.

Shehe mmoja aliyekuwa akipita akaitwa aamue. Akasikiliza, akakunja uso. "Mtu huru hauzwi," akasema. "Biashara hiyo ni batili na ni dhambi kuitamka."

"Alhamdulillahi!" Abdikarim akasema.

"Basi ameuza damu yake," mmoja akapendekeza.

"Damu pia haiuzwi."

Hapo Kanchora akashuka kwenye kreti. "Ngojeni. Mtu hakuuzwa, sawa. Damu haikuuzwa, sawa. Lakini kitu kimeuzwa, Yakub amekitangaza. Chini ya shuka kulikuwa na nini? Kulow hakutaja bei hata moja, kilichotaja ni mtetemeko. Bosi ameshika nini? Mtetemeko. Ameminya nini? Mtetemeko. Basi amenunua mtetemeko."

Watu wakageuka kumtazama shehe. Shehe akatazama viatu vyake kwa muda. "Hilo sijalisoma popote," akasema, na kwa kuwa adhana ya adhuhuri ilikuwa inaanza, akaenda zake msikitini kwa hatua za mtu aliyeokolewa.

Abdikarim akaona mlango umefunguka. Mtetemeko! Hauli, haunywi, hauna gharama ya kusafirisha. "Sawa, nimenunua mtetemeko. Yakub, umeridhika?" Akamtupia Kulow noti bila kuzitazama, akaingia garini. Kulow akafungua mlango wa nyuma, akaingia pia. Yakub akamfuata.

"Mnakwenda wapi?"

"Nakuletea mali yako," Kulow akasema. "Ngamia akinunuliwa leo hufikishwa bomani leo. Ndiyo kanuni yenu."

"Na dalali humfikisha," Yakub akaongeza, akifunga mkanda.

Langoni mlinzi alikuwa na kopo la rangi ya kijani ya kuwatia alama ngamia wapya. Aliuliza mali iko wapi, akaonyeshwa, akaipaka alama kifundo cha mkono wa Kulow na kuandika kwamba imeingia. Saynab akauliza mara moja tu, mbele ya mashahidi: "Hii ni mali ya kampuni?" Yakub akasema ni mali ya kampuni. Abdikarim akasema, kwa meno, ni mali ya kampuni. Sindano ilikuwa imeshafunguliwa kabla hajamaliza.

Kimashine kikalia. Saynab akakitazama, akatia damu nyingine katika mrija mwingine, kikalia tena vilevile.

"Adeer," akasema, na sauti yake haikuwa ya mzaha hata kidogo, "ngamia mwenye damu kama hii ningemkuta amelala chini. Wewe umesimamaje?"

"Nilikuwa sijui kwamba sifai kusimama."

"Zizi la mapumziko. Sasa hivi. Hakuna kugusa bomba."

"Subiri!" Abdikarim akasema. "Nilichonunua ni mtetemeko. Mtetemeko upumzike, Kulow afanye kazi."

"Watenganishe," Saynab akamwambia.

Na kweli, akajaribu. Msicheke, wako watu wanaopata mshahara kwa mawazo kama haya. Kulow alisimamishwa kwenye ua wa zizi, mkono wa kulia umepitishwa ndani kati ya miti ukipumzika kivulini, mwili uliobaki uko nje juani ukiwa na bomba mgongoni. Mkono wa kushoto ulivaa glavu, na kwa mara ya kwanza glavu za kampuni zikamtosha mtu. Lakini bomba linataka mkono mmoja upampu na mwingine uelekeze. Dawa ikatoka tone moja, ikadondokea kiatu cha Abdikarim. Akaruka nyuma kama aliyeona nyoka, akaagiza Kulow aingie zizini mzima mzima.

Huko alipewa haki zote za mali. Asubuhi aliletewa matawi ya mgunga, kipande cha chumvi cha kulamba na karai la maji. Matawi aliwagawia ngamia wawili aliowakuta humo, nao wakamzoea. Chakula cha watu kililetwa na mkewe, Ruqiya, aliyefika na anjera na chupa ya chai.

"Huruhusiwi, eedo," mlinzi akamwambia, akimwita shangazi kwa heshima. "Ndani kuna mali ya kampuni."

"Ni mimi niliyeilaza usiku na kuifuta mate, mpaka leo kampuni haijaniambia asante. Toka njiani!"

Akatoka njiani.

Basi Kulow akapumzika. Kwanza mate yakakauka. Kisha kifua kikaachia. Asubuhi moja alitazama ng'ambo ya mto akawaona nyani, mmoja mmoja, wakitafutana chawa, akagundua kwamba miezi yote ile alikuwa akiwadhania ni vichaka. Na mkono ukawa unatulia kidogo kidogo, mpaka akaweza kushika kikombe cha chai kilichojaa na kisimwagike. Siku hiyo Ruqiya alikunywa chai yake akiwa amempa mgongo, ili asionekane analia.

Abdikarim akaja kukagua mali. "Nyosha mkono."

Kulow akaunyosha. Ukakaa hewani kama tawi siku isiyo na upepo.

"Mali yangu iko wapi?"

"Imeondoka."

"Imeondoka kwenda wapi? Umemwuzia nani?"

"Imeondoka tu, bosi. Ilipokosa dawa ikafa."

Abdikarim alizunguka zizi, akaangalia hata chini ya karai. Mnyunyizaji wa boma alikuwa amelala kivulini kwa idhini ya Abdikarim mwenyewe, kupe wanaongezeka, meli inapiga simu, na sasa hata kile alichonunua hakipo. "Utabeba bomba," akasema, "kesho. Ukilibeba, mtetemeko wangu utarudi."

Hapo Kulow akaona jinsi mambo yalivyo. Akilibeba kama zamani, bila kupimwa, atarudi kwenye ukungu, na safari hii huenda asipate shuka la kumwokoa. "Nitalibeba," akasema, "nikipimwa kila wanapopimwa ngamia, mimi na wenzangu wote. Bila hivyo, hapana."

"Basi wewe ni mwizi."

Wakaishia kituo cha polisi. Sajenti wa zamu alikuwa mtu wa bara, ameletwa Garissa bila kuulizwa, na alichotaka duniani ni kufunga faili kabla ya chakula cha mchana.

"Kimeibiwa nini?"

"Mtetemeko," Abdikarim akasema.

Sajenti alikuwa ameandika mambo mengi katika kazi yake. Akaandika na hilo. "Alama?"

"Rangi ya kijani, kifundoni."

"Utathibitishaje ni wako?"

Kulow akakohoa. "Afande, mtetemeko ulikuwa wangu. Nilizaliwa nao. Ukoo wetu wote unatetemeka."

Kanchora, aliyekuja kama shahidi, akainamisha kichwa kuficha kicheko, maana kabla ya bomba lile mkono wa Kulow ungeweza kutunga uzi kwenye sindano juu ya mgongo wa punda.

"Mwongo!" Abdikarim akaruka. "Afande, huyu alikuja kwetu mkono wake kama jiwe! Mtetemeko huo ulizaliwa bomani kwetu! Dawa yetu ya kupe ndiyo iliyouleta, pasingekuwa na dawa yetu asingekuwa nao! Waulize wanyunyizaji wote, wote wanao!"

Kalamu ya sajenti ikakwaruza.

"Dawa yetu... ndiyo... iliyouleta," sajenti akarudia taratibu, akiandika. "Wote... wanao." Akainua macho. "Wote?"

"Wote!"

"Kumbe mali yako imesambaa kwa watu wengi. Anayeshikilia mtetemeko wako anaweza kuwa yeyote." Akatazama saa ukutani, akaona chakula cha mchana kinakaribia. "Wapekuliwe wote. Huo mtetemeko unaonekanaje?"

"Kwenye damu," Kanchora akasema haraka. "Kuna kimashine."

Na hivyo ndivyo wanyunyizaji wa boma lile walivyopata kupimwa afya zao, baada ya misimu yote ile ya kuomba: kama washukiwa wa wizi, wamepangwa foleni mbele ya lango la boma, askari mwenye bunduki kando. Foleni ilikuwa juani, kama foleni zote za huku. Tofauti ni kwamba safari hii kulikuwa na mtu mwisho wake aliyekuwa anatafuta ugonjwa. Kanchora alipofika mbele alikunja mkono wa shati, akapaza sauti: "Nakiri, afande, nakiri kabla hujanipiga! Ninao, na nimeuficha kwenye magoti pia!"

Kimashine kikalia kwake. Kikalia kwa aliyemfuata. Kikalia mpaka Saynab akaacha kukiangalia na kuanza kuwaangalia wao usoni. Mali ya kampuni ilikutwa kwa kila mtu aliyewahi kuvaa bomba, na hata kwa mpishi, aliyekuwa akichota maji kwa madebe ya dawa.

"Mali imepatikana," sajenti akatangaza, akifunga faili. "Mwenyewe aitunze isipotee tena. Iangaliwe kila wanapoangaliwa ngamia. Nikiitwa hapa mara ya pili, nitakamata mwenye mali."

Saynab akaonyesha maandishi ya langoni kwa kidole. Hakuhitaji kuyasoma. Wanyunyizaji wote wakapelekwa zizi la mapumziko, wakamkuta Kulow ameshatangulia kurudi, ametandika mkeka na Ruqiya anachemsha chai. Matawi yaliletwa mzigo mzima.

Alasiri simu za Abdikarim zililia pamoja. Ngamia walikuwa wakijikuna kwenye nguzo mpaka ua ukaanza kulala. Alikuwa ametuma watu sokoni kutafuta wanyunyizaji wapya, wakarudi mikono mitupu. Habari ilikuwa imefika kabla yao, na kila kijana waliyemwuliza alijibu kwa swali: umekuja na kimashine?

Mwishowe akaenda stoo mwenyewe. Akatoka na bomba mgongoni juu ya lile shati lisilojua vumbi, mikononi glavu mbili za kushoto, kidole gumba cha kulia kimesimama upande kama kimefukuzwa nyumbani. Akahangaika na mikanda. Zizini watu wakaacha kunywa chai.

"Adeer Kulow," akaita, na safari hii heshima ilifika mpaka machoni, "hii inafungwaje?"

Kulow akanyanyuka, akaja mpaka kwenye ua. Alimtazama kijana yule, akatazama na bomba. Mshono wa chini ulikuwa umeanza kulowa, na doa lilikuwa limeshafika kwenye shati. Angeweza kunyamaza tu. Kanchora, kwa nyuma, alikuwa akimwomba kwa macho anyamaze.

"Livue," Kulow akasema.

"Nini?"

"Livue, uliweke chini, ukae pale kwenye kiti, umpe Saynab mkono. Mtu anayeshika sumu hupimwa kabla ya kuanza."

Saynab alikuwa ameshafungua sindano. Abdikarim akawatazama ngamia, akazitazama simu zake zinazolia, akaligusa doa la mgongoni na kuinusa glavu. Kisha akavua bomba na glavu, akakaa kwenye kiti na kuanza kukunja mkono wa shati.